Shahidi wa Mkandarasi

Jumamosi hiyo soko la Kapani, mjini Thesaloniki, lilikuwa halina pa kuweka mguu. Rodanthi, gauni la njano limemkaa kiunoni, alinyoosha mkono kuonja zeituni ya mwisho kwenye sahani ya muuzaji. Mkono mwingine ukamtangulia.

"Hiyo ilikuwa yangu."

"Njoo uifuate," Iordanis akajibu huku anatafuna.

Alikuwa fundi mwashi asiye na kazi, mabega mapana, kinywa kisichonyamaza. Kabla ya mwezi kwisha, Rodanthi alikuwa amemwombea unyapara kwa baba yake, mkandarasi Prodromos.

"Umekula, mboni yangu?" Iordanis alimpigia simu kila mchana.

"Nimekula. Na punguza sauti, baba atakusikia."

"Asikie. Si nitamwita baba mkwe?"

Mwezi Machi, Agron, fundi kutoka Albania, alianguka kutoka ghorofa ya nne akafa. Hakuwa na mkanda wa usalama. Mikanda haikuwepo, Iordanis aliiomba mara mbili, Prodromos akamwambia asubiri.

Prodromos akashtakiwa kwa kifo hicho, na kesi ilipokaribia, Rodanthi alimpigia Iordanis simu.

"Sema mikanda ilikuwepo, ila Agron alikataa kuvaa."

"Rodanthi, mimi ndiye niliyemfunika kwa koti langu."

"Baba ana moyo mbovu. Atafia jela." Kisha akauliza, "Unanipenda?"

"Unajua nakupenda."

"Basi nionyeshe."

Mahakamani, Drita, mjane wa Agron, alikaa mbele na sweta nyeusi ya kuazima. Iordanis akaapa, akasema aliyoombwa. Hakimu akauliza marehemu alijibu nini alipopewa mkanda.

Hilo hakuna aliyemwandalia.

"Alicheka," akasema. "Akasema yeye si mtoto mdogo."

Drita akainua uso. "Alicheka?" akauliza polepole, kwa Kigiriki chake cha kuungaunga. Iordanis akatikisa kichwa kukubali.

Prodromos akaachiwa huru. Nje, kwenye ngazi, Iordanis akatoa pete mfukoni. Rodanthi hakuigusa.

"Nilikuwa nakutazama uliposema alicheka," akasema. "Ninaujua ukweli, na bado nilikuamini. Ukiniambia unanipenda, nitajuaje?"

"Wewe ndiye uliyeniomba."

"Nilikuomba, ndiyo. Nami sijisafishi. Lakini kile kicheko ulikitoa mwenyewe, Iordanis."

"Nilifanya kwa ajili yako."

"Ndiyo maana siwezi kulala kando yako."

Akashuka ngazi, akaingia garini mwa baba yake.

Jioni Iordanis akapiga simu. Ikaita sana. Aliyepokea ni Prodromos, nyuma yake glasi zikigongana.

"Hataki kuongea, mwanangu. Muache," mzee akasema kwa upole. "Lakini wewe usiwe na wasiwasi. Tangu leo mimi na wewe ni kitu kimoja. Jumatatu usichelewe kazini."