Kipandio cha Tatu

Kila asubuhi, akishafagia uwanja na kuchota maji, Kuruthumu alimshika mkono bibi yake, Bi Mwanahalima, akamteremsha ngazi ya mbele. Nyumba yao ya Ikwiriri ilikuwa juu ya msingi mrefu kwa kuogopa mafuriko, na ngazi yake ya zege ilikuwa na vipandio vitano vikongwe, kingo zimemomonyoka. Wakati wa masika bibi aliteleza hapo akateguka kifundo cha mguu. Tangu siku hiyo hakuthubutu kushuka peke yake, hata kwenda kwa jirani yake, Bi Safina.

Basi Mjomba Mtoro akaleta vigae vizito vya saruji. Yeye alifanya kazi kwenye kivuko cha Ndundu mpaka daraja la Mto Rufiji lilipofunguliwa, ndipo akajifunza uashi.

"Ngazi hatuivunji, tutaifunika," alisema. "Lakini kigae hakikai juu ya zege bovu. Mimi nafuata mchanga. Wewe gonga kila kipandio kwa nyundo. Kikilia kama debe tupu, chukua tindo, bandua mpaka ukute zege gumu."

Kuruthumu akagonga. Cha kwanza kizima, cha pili kizima. Cha tatu kikalia ko! ko! ukingo wote. Akaitazama tindo. Uwanjani wenzake walikuwa wakimwita kwenye mchezo wa rede. Akagonga upesi viwili vilivyobaki, akafagia vumbi, akaenda zake.

"Vyote vizima?" mjomba aliuliza aliporudi.

"Vyote, mjomba."

Kesho yake Mtoro akaanza kupanga vigae kutoka chini. Adhuhuri alikuwa amekimaliza kipandio cha tatu. Bi Mwanahalima, aliyeketi barazani na Bi Safina, hakuisha kumsifu mjukuu wake.

"Kuruthumu ndiye aliyeikagua ngazi yote. Sasa nitakuja kwako kwa miguu yangu, mwenzangu, na kila nikikanyaga nitamwombea dua."

Akilini Kuruthumu alimwona bibi akikanyaga, kigae kikichomoka.

"Mjomba, ngoja!" alisema, machozi yakimlengalenga. "Cha tatu ni kibovu. Nilisikia, nikakudanganya ili nikacheze."

Mtoro akaweka mwiko chini. Kisha akavibandua vigae vya kipandio hicho, saruji ikiwa bado mbichi, akavisafisha kwenye ndoo. Tindo akampa Kuruthumu.

"Haya, anza."

Kwa mapigo machache likabanduka pande kubwa kama mkate. Walichimbua mpaka alasiri, viganja vya Kuruthumu vikatoka malengelenge. Mjomba akajaza zege jipya, wakaliacha likauke, na wiki ile nzima bibi akatumia mlango wa uani, Kuruthumu akimshika mkono.

Siku kazi ilipokamilika, Bi Mwanahalima alishuka peke yake, taratibu, akaenda kwa Bi Safina. Aliporudi alimkumbatia mjukuu wake.

"Ahsante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

"Bibi, usinishukuru. Nilisema uongo."

"Ulisema, tena ukanitia hatarini. Lakini aibu haikukuzuia kuniokoa. Kwa hilo nitakushukuru kila siku."

Mtoro, akiosha mwiko wake, akaongeza, "Ukikosea, Kuruthumu, sema upesi. Kosa ni kama saruji: likiwa bichi linabanduka kwa mwiko tu, likishakauka linataka nyundo."