Nyimbo za Nyanchama na Diski Yenye Mpaka

Siku ya soko mji wa Keroka hausikilizani. Malori yanapiga honi. Wauza vitunguu wanaita wateja. Kuku waliofungwa miguu wanalalamika, na wana haki yao. Lakini mwaka ule wa tisini na nane, ukipita mbele ya duka la Bonareri, ulisikia kitu kingine. Ulisikia bibi kizee akiimba.

Bonareri alikuwa na duka la kuchapa. Alichapa mitihani ya shule, kadi za harusi na ratiba za mazishi. Zamani alitumia taipureta. Sasa alikuwa na kompyuta. Jamani, aliipenda ile kompyuta! Kila jioni aliifunika kwa kitambaa alichokifuma kwa mikono yake, na mtu asiye na mikono safi hakuigusa.

Bibi aliyeimba aliitwa Nyanchama, mwenyeji wa Masimba. Watu wote walimwita Nyanya. Kila siku ya soko aliuza ndizi zake kwanza. Kisha aliingia dukani, akakaa kwenye kigoda kando ya meza, akafunga macho na kuimba. Bonareri alichapa maneno yalivyotoka.

Nyimbo zenyewe zilikuwa za dini, kwa Kigusii. Nyanya na wenzake walizitunga walipokuwa wasichana, wakichuma chai. Wenzake wengi walikuwa wameshalala kaburini. Kanisa lilitaka nyimbo hizo zichapwe kitabu kabla ya makambi, ule mkutano mkubwa wa Waadventista wa mwezi wa nane. Hakuna mtu aliyewahi kuziandika. Zilikuwa kichwani mwa Nyanya, na sasa ndani ya kompyuta ya Bonareri, basi.

Kazi haikuwa rahisi. Leo Nyanya aliimba ubeti hivi, kesho aliuimba vile, na ukimuuliza upi ndio wenyewe, alisema zote mbili ni zake. Siku nyingine alisahau katikati, akaomba chai ndipo akumbuke.

Nyanya alikuwa na sababu yake ya kutaka kitabu. Alikuwa ameanza ngumbaru, darasa la watu wazima, na herufi zilianza kumzoea.

"Siku ya makambi nitasimama mbele ya watu," alimwambia Bonareri. "Nitashika kitabu. Nitausoma wimbo wangu kwa macho yangu. Kuimba kwa kichwa hata kasuku anaweza."

Bonareri alimwahidi kwamba kitabu kitakuwapo. Ahadi ni deni, na yeye alilijua hilo.

Hakuwa mzembe. Alikuwa amenunua diski ya nje, kisanduku kidogo kizito kinachounganishwa na kompyuta kwa waya. Kila jioni alinakili faili zake humo. Faili ni kazi moja iliyohifadhiwa: barua moja, mtihani mmoja, wimbo mmoja. Kompyuta ikiharibika, faili zipo kwenye diski ya nje. Akiba haiozi.

Aliyemuuzia diski hiyo ni jirani yake, Chandrakala, mwenye duka la redio na kompyuta. Watu walimwita Mama Vivek. Alizaliwa Kisii mjini, na alipatana bei ya ndizi kwa Kigusii mpaka wauzaji wakamkimbia.

Sasa tumtazame Abner, mume wa Bonareri. Alikuwa mkulima wa chai, mtu mwema, asiyekosa kanisani. Lakini hakupenda kazi ya kurudiwa rudiwa. Kumwona mkewe akinakili faili kila jioni kulimchosha yeye aliyekaa tu akimngojea. Rafiki yake wa Kisii mjini akamweleza habari za programu inayonakili kompyuta nzima kwa mara moja, na faili, na programu, na mipango yote ya mashine ya kuchapia. Abner akaileta nyumbani akitabasamu.

Alimuuliza mkewe kwa nini anadonoadonoa kama kuku, na hali angeweza kunakili yote mara moja akapumzika. Bonareri akaona ni wazo zuri. Diski ni moja na ina nafasi. Nakala za kila jioni zimo tayari. Ataongeza na nakala ya kompyuta nzima. Shambani kwake mahindi na maharagwe hukua pamoja, wala hayagombani.

Alianza kazi hiyo Ijumaa jioni. Kweli, katika siku zote za Mungu, akachagua Ijumaa jioni!

Msomaji, kama huwajui Waadventista wa Kisii, nikueleze. Sabato yao huanza jua linapozama siku ya Ijumaa. Kabla ya hapo chakula kimepikwa, maji yametekwa, nguo zimepigwa pasi. Jua likizama, kazi zote zinakoma.

Bonareri aliwasha programu. Kompyuta ikamuuliza swali: kila kitu kilichomo kwenye diski ya nje kitafutwa, je, tuendelee? Swali lilikuwa refu na la Kiingereza. Bonareri alilitupia jicho moja, jicho la pili likatazama jua. Akabonyeza ndiyo.

Mstari mdogo wa bluu ukaanza kutambaa. Ulitambaa polepole mno. Abner akaja mlangoni kumchukua, akauliza utamaliza lini. Bonareri akasema wauache. Wao waende nyumbani, kompyuta itamaliza kazi yenyewe.

Abner akakuna kichwa. Jambo hilo halikumkaa vizuri.

"Jua likizama, ng'ombe wangu wanapumzika," alisema. "Punda wa jirani anapumzika. Na hii nayo ipumzike."

Kabla Bonareri hajafungua mdomo, Abner alikuwa amechomoa waya ukutani.

Jumapili asubuhi Bonareri alifungua duka, akafunua kitambaa, akawasha kompyuta. Kioo kikabaki cheusi. Maneno machache meupe yalitokea juu, yakaganda hapo. Alizima, akawasha tena. Yaleyale.

Alifunga diski ya nje ndani ya leso, akakimbia kwa Mama Vivek. Mama Vivek akaiunganisha na kompyuta yake, akaitazama, akavaa miwani, akaitazama tena. Akamwambia kwamba nakala zote za zamani zimefutwa, na nakala mpya iliishia njiani, kwa hiyo haifai kitu.

Bonareri akakaa juu ya katoni ya redio. Mitihani angeichapa upya. Kadi za harusi angechapa upya. Lakini Nyanya alikuwa mzee, na nyimbo nyingine alizikumbuka mara moja tu, baada ya chai.

"Nitamwambia nini Nyanya?" alisema, na machozi yakamtoka.

Abner aliingia akimtafuta. Aliposikia yaliyotokea, alisimama kama mtoto aliyevunja chungu. Akaeleza habari ya jua na ng'ombe na waya, bila kuficha neno. Mama Vivek alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka mpaka miwani ikamwanguka.

"Abner, mimi ni Mhindu, lakini saa ya Sabato yenu naijua," alisema. "Kosa si kuitunza Sabato. Kosa ni kuanza kazi ndefu jua likiwa mlimani. Na waya haichomolewi hivyo. Kompyuta huagizwa izime, ndipo unachomoa."

Alimtuma Abner kuileta kompyuta. Akafungua mgongo wake kwa bisibisi, akatoa diski ya ndani, ile inayohifadhi faili za kompyuta, akaiunganisha ndani ya kompyuta yake mwenyewe. Alieleza kwamba huenda kilichoharibika ni ile programu inayoiamsha kompyuta tu. Nyumba ikikwama mlango, vyombo vya ndani havijapotea.

Walingoja. Abner alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Halafu kwenye kioo zikatokea folda, moja baada ya nyingine, na mojawapo iliandikwa "Nyimbo". Mama Vivek akaifungua. Maneno ya Nyanya yalikuwapo yote, ubeti kwa ubeti.

Bonareri alianza kuimba wimbo wa kwanza, taratibu, akisoma kwenye kioo. Abner akaitikia kwa sauti nzito. Mama Vivek akapiga makofi, wateja wakachungulia dukani wakidhani kuna harusi.

Walipomaliza kufurahi, Bonareri akamuuliza Mama Vivek arudie njia ipi: ya faili kila jioni, au ya kompyuta nzima?

"Zote mbili," alijibu Mama Vivek. "Kila moja ina kazi yake. Nakala ya kompyuta nzima ni kama picha. Inarudisha kompyuta ilivyokuwa siku ile ya picha, na programu zake zote. Lakini barua uliyoandika baadaye haimo. Nakala za faili zina barua ya leo, lakini hazina programu."

"Na zinaweza kukaa kwenye diski moja?" Bonareri aliuliza. "Zimegombana."

Mama Vivek akamgeukia Abner. Akamuuliza baba yake alipowagawia wanawe shamba, mpaka ulipandwa lini, kabla ya mazao au baadaye.

Abner akacheka kwa aibu. Alisema ulipandwa baadaye. Kaka yake alikuwa amekwisha kupanda chai mpaka kwenye migomba ya mwenzake, na wazee wakala mbuzi wawili kabla ugomvi haujaisha.

"Basi diski nayo ni shamba," alisema Mama Vivek. "Panda mpaka kwanza, shamba likiwa tupu. Maana kuigawa diski hufuta kilichomo."

Siku hiyohiyo waliitengeneza kompyuta ikawaka. Kisha wakaigawa diski ya nje sehemu mbili. Mama Vivek alikataa kugusa kibodi. Alitaka Bonareri afanye mwenyewe ili mkono ukumbuke. Kila swali lilipotokea, Bonareri alilisoma lote kwa sauti kabla ya kubonyeza. Sehemu ya kwanza waliifanya kubwa, itoshe picha ya kompyuta nzima na ibakishe nafasi. Tena walihakikisha kwamba programu inaiweka ile picha kama faili moja kubwa ndani ya sehemu yake, badala ya kuimwaga juu ya diski yote. Huko kumwaga ndiko kulikofuta nakala za kwanza.

Sehemu ya pili ilikuwa ya faili za kila jioni. Humo Bonareri alitengeneza folda ya kila siku ya kazi, Jumapili hadi Ijumaa. Jumatatu jioni faili zake zote zilinakiliwa kwenye folda ya Jumatatu, Jumanne kwenye ya Jumanne. Hivyo hata akiharibu faili leo bila kujua, ya jana bado ipo.

Walipokwisha kupiga picha na kunakili faili, alidhani wamemaliza. Mama Vivek akatikisa kichwa. Alimwagiza afute wimbo mmoja kwenye kompyuta, makusudi. Bonareri akaufuta, jicho moja likiitazama diski ya nje. Kisha akaurudisha kutoka kwenye diski ya nje, akaufungua, akausoma. Nakala usiyoijaribu huijui kama ni nakala.

"Sasa sikia," Mama Vivek alisema. "Diski moja ni diski moja, hata ukiigawa mara kumi. Ikianguka, zote mbili zimekwenda. Jioni ichomoe, nenda nayo nyumbani. Na zile nyimbo ziweke pia kwenye disketi ndogo, mahali pengine."

Abner alijitolea kuitunza disketi. Aliiweka kwa mama yake, ndani ya kopo la majani ya chai lenye mfuniko, mbali na jiko na mbali na wajukuu. Naye akawa ndiye wa kukumbusha. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, asubuhi na mapema, alimwuliza mkewe kama picha ya mwezi imepigwa. Jua likiwa mbali na mlima, alisema, mtu ana akili.

Mwezi wa saba mvua kubwa ilinyesha. Radi za Kisii mnazijua. Moja ilipiga nguzo ya stima karibu na duka, na kompyuta ya Bonareri ikatoa moshi. Diski ya ndani iliungua kabisa. Safari hii hata Mama Vivek hakuweza kuiokoa.

Bonareri hakulia. Diski ya nje ilikuwa nyumbani, imelala kabatini ndani ya leso. Mama Vivek alibadilisha vilivyoungua, akafunga diski mpya ya ndani. Bonareri akarudisha kwanza picha ya kompyuta nzima. Programu zote zikarudi mahali pake, na mashine ya kuchapia ikaitika. Lakini nyimbo za majuma ya mwisho hazikuwamo, kwa sababu ziliimbwa baada ya picha kupigwa. Akafungua sehemu ya pili ya diski, folda ya siku ya mwisho ya kazi. Hizo hapo. Njia ya kwanza ilileta jiko, ya pili ikaleta chakula.

Siku ya soko Nyanya aliingia, akakaa kwenye kigoda chake, akauliza mbona duka linanuka moshi. Bonareri akamwambia ni mambo ya radi tu, waendelee na ubeti wa mwisho.

Mwezi wa nane makambi yakafika. Mahema yalijaa, na vitabu vikagawanywa, bado vinanukia wino. Nyanchama aliitwa mbele. Alikuja na gauni lake jeupe, akafungua kitabu, akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

Wimbo ule aliujua tangu ujana wake. Angeuimba hata usingizini. Lakini hakuuimba. Aliusoma, neno kwa neno, polepole, na kila alipofika mwisho wa mstari aliinua macho kutazama kama watu wameona. Watu wote walimngoja, na hakuna aliyekohoa. Aliposoma neno la mwisho alikuta chini yake limechapwa jina lake. Hakulitarajia. Akalisoma nalo kwa sauti, herufi moja moja mpaka likatimia, "Nyanchama", akakifunga kitabu, akakikumbatia kifuani, akacheka, na hapo ndipo alipoanza kuimba.