Mtani Haaminiki

Asubuhi ile soko la Kivinje lilijaa mihogo, samaki wakavu na makelele. Mwahija alikuwa amejitwisha kikapu cha sandarusi, ule utomvu mkavu unaochimbwa ardhini, anakipeleka dukani kwa Gulamali alikokuwa kibarua wa kuisugua na kuichambua. Kijana mmoja aliyevaa kanzu nyeupe na kofia ya vito iliyodariziwa akamzibia njia.

"Wa wapi wewe, bibie?"

"Kiranjeranje. Nipishe."

"Mmachinga! Basi mtani wangu. Sisi Wamatumbi tuliwanunua nyie kwa kibaba cha chumvi."

"Ipo wapi hiyo chumvi? Babu yako aliilamba yote njiani, akafika na kibaba kitupu."

Wauza samaki wakaangua kicheko. Kijana naye akacheka, akajitaja: Maftaha, fundi wa kofia.

Tangu siku hiyo akawa habanduki kibarazani kwa Gulamali. Sindano yake ilikwenda mbio na ulimi wake mbio zaidi. Zehra, mke wa Gulamali, alijitia hasikii, huku akiwasogezea kahawa.

"Nitakujengea nyumba kule Lindi, Rasbura, madirisha pande zote," alisema Maftaha.

"Na vumbi atafuta nani?"

"Mimi, roho yangu. Wewe utakaa tu, upakwe hina."

Mwahija alicheka, lakini usiku aliyawaza madirisha yale.

Kisha Maftaha hakuonekana tena. Mwahija akajifunga leso yake nzuri, akaenda kwao. Bi Mboni, mama yake Maftaha, akafungua mlango kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Amesafiri. Yuko Lindi."

Mara ndani mtu akakohoa. Mwahija alikifahamu kikohozi kile. Aliondoka uso umemwiva.

"Amepata mwingine," alimwambia Zehra. "Ananificha kama mwizi."

"Mwenye mpenzi mpya huimba, hajifungii ndani," Zehra alijibu. "Nenda kamwangalie, mama."

Mwahija alirudi kwao Maftaha, akapitia uani. Alimkuta Bi Mboni ameshika bakuli la uji uliopoa. Mlango wa ndani ulikuwa wazi, na Maftaha amelala, amegeukia ukuta, nywele zimesokotana. Mwahija alimwita. Macho yalifumbuka, yakamtazama kama mtu aliye chini ya kisima, yakafumbika.

"Humjia hivi tangu ujana," mama alinong'ona. "Kwanza hashikiki. Halali, anagawa vitu, anajiona sultani. Halafu huanguka hivi, hata kuoga hawezi. Tumempunga pepo, tumemsomea. Hutulia, kisha hurudi. Nisitiri, mwanangu. Dada zake hawajaolewa."

"Na uji huu umeupika wewe?"

"Hapana. Naukuta mlangoni. Sijui wa nani."

Mwahija akaona kwamba kuna mtu anajua, na amenyamaza kwa huruma. Naye akanyamaza. Kila jioni akaja kukaa karibu na kitanda, akimsimulia habari za sokoni. Siku moja Maftaha akasema, "Rudia ile ya muuza pweza," na Bi Mboni akatoka uani kwenda kulia.

Vita vya Maji Maji, vya kuwapinga Wajerumani, vikaanza. Moshi ulionekana upande wa milima ya Matumbi. Watu waliletwa bomani wamefungwa kamba shingoni, na wengi hawakutoka. Kivinje watu wakajifunza kusema kwa sauti ya chini. Hata watoto walicheza kimya.

Ni wakati huohuo ugonjwa wa Maftaha ulipompanda tena. Alisimama katikati ya soko, kifua wazi, macho yanawaka. "Mimi sipatwi na risasi! Mimi nitawaponya wote!" Aligawa kofia zake, akagawa na kanzu. Askari walisikia neno risasi tu. Wakamkamata, wakasema ni hongo, mmoja wa wale wajumbe wanaotembeza dawa ya maji ya kuzuia risasi. Hongo alikuwa ananyongwa.

Mwahija alikimbia mpaka bomani, akajitupa mbele ya akida, msimamizi wa Wajerumani.

"Bwana, huyu si hongo! Ni mgonjwa. Kichwa chake hupanda na kushuka. Namjua!"

"Wewe ni nani wake?"

"Mtani wake."

Akida akatabasamu kidogo. Watu waliokusanyika nao wakatabasamu, maana ndiyo kazi ya mtani: kumwita mtani wake mwizi, mwendawazimu, mla mizoga, hata mbele ya maiti. Hakuna aliyewahi kuyachukua maneno ya mtani kuwa ushahidi.

"Sitanii, bwana! Wallahi sitanii!"

"Watani wote husema hivyo. Mwondoeni."

Mwahija alimgeukia Bi Mboni aliyesimama nyuma, leso imemfunika mdomo. "Mama, mimi hawaniamini. Sema wewe."

Bi Mboni aliwatazama majirani. Aliwaza harusi za binti zake. Akashusha leso.

"Ni kweli. Mwanangu anaumwa. Nimemficha miaka yote nikiona haya. Si hongo. Ni mgonjwa wangu."

Ndipo jirani mmoja, Bi Sada, akajongea mbele. "Kweli, bwana. Uji wake napika mimi." Mzee wa msikitini akasema, "Kweli. Tumemsomea." Akaja mwingine, na mwingine. Kumbe mtaa mzima ulikuwa unajua.

Akida akaamuru kamba ikatwe. Waliofungwa pamoja na Maftaha walibaki. Mwahija hakuthubutu kuwatazama, na macho yao yalimfuata maisha yake yote.

Maftaha alianguka tena, mara hii kwa muda mrefu. Alipopata sauti, alisema, "Yule niliyefungwa naye alinipa kata yake ya maji. Nilimwahidi kumponya."

"Najua."

"Hali hii itarudi, Mwahija. Nitakutupia maneno mabaya. Nitagawa mpaka sufuria."

"Sufuria nitampa Bi Sada aniwekee."

Maftaha alimgeukia. "Utaolewa nami hivi nilivyo?"

"Peleka mshenga Kiranjeranje," alijibu, akaushika mkono wake. "Aseme kila kitu. Asifiche hata ugonjwa huu."

Walioana mvua zilipokatika. Wageni walikuwa wachache, maana nyumba nyingi zilikuwa na msiba. Mwaka uliofuata, Maftaha akiwa amelala tena amegeukia ukuta, Bi Sada alipita na bakuli lake mchana kweupe, akabisha mlango wa mbele.

"Hodi! Mgonjwa wetu hajambo?"

Mwahija alifungua mlango wote.

"Leo hali yake si nzuri," alisema. "Karibu ndani."