Michembe ya Seminari

Kila Jumamosi asubuhi Koleta alifagia uwanja, akachota maji, kisha akamsaidia mama yake kujaza kikapu cha seminari. Akina mama Wakatoliki wa Ipuli walikuwa wamepatana kwamba kila nyumba itoe michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, ili vijana wanaosomea upadre wasilale njaa. Ilikuwa wakati wa vita vya Wazungu, na mvua zilikuwa zimekataa. Hata hivyo mama alitenga kwanza ya seminari, ndipo nyumba ikala kilichobaki. Usiku wa kuamkia Jumamosi moja walikuwa wamekula mlenda mtupu, mboga ya majani bila ugali.

Koleta alijitwika kikapu, akafuata njia ya zamani ya misafara mpaka seminari, alikosoma kaka yake Damas. Nyuma ya jiko akamkuta Damas anawamwagia nguruwe sufuria nzima ya michembe iliyopikwa.

"Kaka, unafanya nini?"

"Tumeichoka," Damas alijibu akicheka. "Misheni ina mali tele, lakini inatulisha michembe tu. Ikiona hatuli, itanunua mchele."

Koleta alikitua kikapu kwa kishindo. Mtu mzima, kesho atasimama altareni, na haya hana!

"Misheni gani?" alisema. "Hiyo imetoka kwa mama. Sisi jana tumelala na mlenda. Leo kikapu hiki kinarudi nyumbani."

Padre Raymundi, mlezi wa wanafunzi, alikuwa mlangoni amesikia yote.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre," Koleta alisema, bado amenuna.

"Milele, amina. Una haki ya kukasirika, binti yangu. Damas, kikapu kibebe wewe."

Damas alikibeba kichwani, wapita njia wakimtazama. Nyumbani walimkuta mama akichambua mlenda. Alipoona kikapu kimejaa, uso wake ulikunjuka.

"Kumbe huko mmeshiba, mwanangu? Mungu ashukuriwe."

Damas alipiga magoti, akaeleza habari za nguruwe huku analia. Koleta alingoja mama afoke, lakini mama aliuweka mlenda kando.

"Imeniuma," alisema. "Inuka. Nusu tutapika tule pamoja, nusu utairudisha kwa wenzako. Waambie hakuna chakula kisicho na mwenyewe. Sisi hatutoi kwa kuwa tumeshiba. Tunatoa kwa kuwa tunawataka ninyi. Anayekula jasho la mwenzake bila kushukuru hajafaa kuwa padre, hata akisoma vitabu vyote."