Jina la Alfonce Mwaloni

Kila asubuhi pale Murangi wanawake tunakwenda mwaloni, ufukoni mwa ziwa mitumbwi inapofikia, kuanika dagaa. Mitumbwi inarudi, taa za karabai zinazimwa, dagaa wanamwagwa mchangani. Kisha ni kazi ya mikono: kutandaza, kugeuza, kufukuza kunguru na kupiga soga. Mimi kwa soga ni fundi, sifichi. Mwenzangu alikuwa Marcelina, mke wa Bernado. Nyumba yangu na yao zinatenganishwa na shamba la mihogo tu. Haya ninayowasimulia, mengine niliyaona, mengine aliniambia mwenyewe. Amenipa ruhusa niyaseme.

Miaka ile ilikuwa ya shida. Sabuni ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kurudi madukani, na mwenye kipande alikificha. Wanunuzi wa sangara nao walianza kuja na magari kutoka Musoma, basi kila kijana akawa anakimbilia ziwani. Mmoja wao alikuwa Alfonce, mdogo wake Marcelina. Alitoka Guta akaja kukaa kwa dada yake. Alikuwa akivua dagaa na wenzake.

Usiku mmoja upepo ulipindua mtumbwi wao. Wenzake waliokolewa. Alfonce aliletwa asubuhi, amekufa. Marcelina alikuwa amesimama pale mwaloni na beseni lake mkononi.

Sasa pale mwaloni kwetu tulikuwa na mwiko. Aliyekufa majini, jina lake halitajwi. Tuliamini ukilitaja unamwita, naye atakuja kuchukua mwingine. Kwa hiyo baada ya mazishi, Bibi Nyamhanga, mama yake Bernado, alikusanya shati, kofia na blanketi la Alfonce, akavifungia sandukuni.

"Katika nyumba hii jina hilo limekwisha," alisema.

Hakusema kwa ubaya. Aliogopa. Wote tuliogopa.

Miezi ikapita. Marcelina aliacha kuja mwaloni. Akaacha kwenda kanisani. Ukimsalimia anaitikia kwa mbali. Chakula anakionja tu, usingizi hapati. Mtoto wake Pelagia, ambaye alikuwa bado ananyonya, akaanza kukonda.

Tatizo lilikuwa picha moja. Ilikuja yenyewe, bila kuitwa. Aliona mkono wa Alfonce unaning'inia ukingoni mwa mtumbwi, umejaa magamba ya dagaa. Akisikia harufu ya dagaa, anauona. Beseni likigongwa, anauona. Hata akimwogesha mtoto, anauona. Haikuwa kama mtu anayekumbuka jambo la zamani. Ilikuwa kama jambo lenyewe linatokea sasa hivi mbele yake. Na kila picha ikija, moyo wake ulimwambia, "Wewe ndiye uliyemtuma."

Bernado aliacha kwenda kuvua. Akitoka nje kidogo tu, anarudi mbio kuchungulia. Siku moja mkewe alikuwa amemwambia, "Baba Pelagia, nikienda alipo yeye, nitapumzika." Tangu siku hiyo mwanaume yule hakutulia.

Siku ya kupima watoto ilipofika, Bernado alimbeba Pelagia mwenyewe hadi zahanati. Wanawake tukamtazama. Mmoja akamwuliza kama siku hizi ananyonyesha. Hakucheka.

Pale zahanati kulikuwa na Sista Mwamvita, muuguzi kutoka Musoma mjini. Alikuwa amesomea kutibu maradhi ya akili, na alikuja Murangi kila Jumatano. Aliangalia mizani, akamwangalia Bernado.

"Mtoto hajaongezeka. Mama yake yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, sista. Nimemwacha na mama." Bernado akainamisha kichwa. "Mke wangu anaitwa na marehemu."

"Nipeleke kwake," alisema Mwamvita. Hakumaliza hata chai yake.

Walimkuta Marcelina amekaa chini, anatazama ukuta. Mwamvita akaketi kwenye mkeka karibu naye. Alimwuliza habari za kulala na za kula. Kisha akamwuliza waziwazi, kwa sauti ya kawaida:

"Mdogo wangu, umewahi kufikiria kufa?"

Bibi Nyamhanga akashtuka. "Sista, utamtia hayo mawazo."

"Hapana, mama. Kuuliza hakumtii mtu wazo. Kama lipo, kunamsaidia kulitoa."

Marcelina akalia. Akasema ndiyo, anafikiria. Akaeleza habari ya ule mkono na magamba. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu.

"Pole sana," alisema Mwamvita. "Huitwi na mtu. Unaumwa. Ugonjwa huu unaitwa sonona. Ni huzuni nzito isiyoondoka, inakula usingizi, chakula na nguvu. Na wengi wenye sonona wanasumbuliwa na kumbukumbu mbaya inayojileta yenyewe. Inatibika."

Kisha akamgeukia Bernado na mama yake. "Kwa sasa asiachwe peke yake. Mpeane zamu. Mkimsikia anasema habari za kufa, msingoje Jumatano, mleteni zahanati siku hiyo hiyo. Nami nitampeleka kwa daktari Musoma ampime. Wengine wanahitaji na vidonge, yeye ataamua."

Daktari alimpima, akampa vidonge visivyomdhuru mtoto. Alisema visiachwe ghafla, na kwamba nafuu haiji siku moja. Akasema pia kwamba aendelee na mazungumzo kwa Mwamvita.

Jumatano iliyofuata Bernado alimsindikiza mkewe zahanati. Mwamvita akamweleza tiba yenyewe.

"Utanisimulia siku ile, taratibu, tangu mwanzo. Ukichoka tunapumzika. Tutarudia tena na tena, mpaka ikupunguzie makali."

"Naogopa," alisema Marcelina. "Kwetu hatutaji. Nimejitahidi sana kusahau, sista."

"Na umesahau?"

"Hapana."

"Wewe ni mwanika dagaa. Ukiwafunika wakiwa wabichi inakuwaje?"

"Wanaoza."

"Na ukiwatandaza?"

"Wananukaga siku ya kwanza. Halafu wanakauka."

"Basi na kumbukumbu hii ni hivyo hivyo. Umeifunika ikiwa mbichi."

Marcelina akajaribu. Alianza kusimulia jioni ile, alipomwamsha Alfonce kutoka kitandani. Akafika kwenye habari za asubuhi, mtumbwi unaingia. Alipofika kwenye mkono, sauti ikakatika. Mwamvita akamshika bega, akamwambia avute pumzi, aangalie dirisha, aguse benchi alilokalia. "Uko zahanati. Ni leo. Mambo yale yamepita," alimwambia.

Nyumbani hali ikawa mbaya zaidi. Siku mbili Marcelina hakuongea. Picha ilikuja mara nyingi kuliko kwanza. Bibi Nyamhanga akawaka.

"Niliwaambia. Mmelitaja jina, sasa anakuja. Mwanamke huyu tutamzika."

Mimi mwenyewe niliamini maneno yake. Nilipita pale nikiogopa hata kugusa mlango. Bernado akamfuata Mwamvita hadi Musoma kabla ya Jumatano, anataka kuacha. Mwamvita hakumkaripia.

"Mwanzoni inauma zaidi, nilipaswa kuwaambia mapema. Mwangalieni kwa karibu siku hizi. Lakini tukiishia hapa, atabaki na ule mkono peke yake."

Jumatano ikafika. Asubuhi Bernado alikuwa zamu. Aligeuka kidogo kumchotea mtoto maji. Alipoangalia, Marcelina hayupo.

Nilimsikia akiita. Nikatoka mbio. Tukaangalia chooni, tukaangalia kwenye mihogo. Hayupo. Bernado akakimbilia mwaloni, mimi nyuma yake na mtoto mgongoni. Bernado aliingia majini hadi kiunoni, anaangalia huku na huku, anaita. Wavuvi walisimama wakamtazama. Hakuna aliyekuwa amemwona. Bernado akatoka majini, suruali inachuruzika, tukakimbia kuelekea zahanati kumwambia sista.

Marcelina alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Amejifunga kanga yake vizuri, anangoja mlango ufunguliwe.

Bernado alikaa chini palepale, maji yanamchuruzika.

"Nilitaka kuwahi," alisema Marcelina. "Nikingoja wewe, ningeogopa tena."

"Mama Pelagia, umeniua leo," Bernado alisema, na akalia mbele yetu sote, mtu mzima.

Mwamvita alipofika aliwaingiza wote wawili. Alimwuliza Marcelina kama anataka Bernado abaki. Akasema abaki. Kisha akasimulia tena. Mtumbwi unaingia. Watu wanapiga kelele. Mkono unaning'inia, umejaa magamba. Akaishia hapo.

"Hapo ndipo inapokatikaga," alisema.

"Halafu nini kilifuata?" aliuliza Mwamvita.

"Sijui."

"Siku ile haikuishia pale. Uko wapi? Mikono yako inafanya nini?"

Marcelina akafumba macho. Bernado alitaka kusema, Mwamvita akamwashiria angoje.

"Nimeweka beseni chini," Marcelina alisema polepole. "Nimemshika. Mkono ni baridi. Nimesema jamani, asizikwe na magamba. Nikakimbia nyumbani. Nimechukua sabuni. Ile sabuni ya mtoto, niliyokuwa nimeficha kwenye unga." Machozi yakamtoka, lakini hakunyamaza. "Nimemwosha. Nimetoa magamba yote, kidole kimoja kimoja. Sabuni imekwisha yote. Mkono ukawa safi. Nikauweka juu ya kifua chake."

Bernado akasema, "Ni kweli. Niliona."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Tulikatazwa kumtaja."

Kisha Mwamvita akauliza, "Na ile sauti, inayosema wewe ndiye uliyemtuma?"

"Ni kweli nilimtuma. Alikuwa ametoka kwenye homa. Nilimwamsha."

"Bernado, wewe siku hiyo ulimwona Alfonce kabla hajaondoka?"

"Nilimwona. Mimi nilikuwa nashona wavu pale mwaloni." Bernado akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu msiba. "Alikuja anafuta midomo. Akasema, dada kanikatalia kutoka mpaka nimalize uji. Akasema, shemeji, homa imeisha ila uji wa mkeo huyu utaniua. Alikuwa anacheka. Na jioni ile ziwa lilikuwa shwari kabisa. Hata mimi ningekwenda."

Marcelina akamtazama mume wake. "Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo."

"Ulimtuma kazini, mdogo wangu, kama siku zote," alisema Mwamvita. "Upepo hukuutuma wewe. Sasa kila picha ikija, usiikimbie na usiikatishe. Endelea nayo. Fika kwenye sabuni. Fika kwenye mkono safi."

Wiki nyingine zikafuata, na si zote zilikuwa nzuri. Kuna siku alirudi zahanati akisema hakuna kilichobadilika. Lakini alianza kulala. Alikula. Mwamvita alimpa na kazi za nyumbani: leo fungua sanduku ushike kofia ya Alfonce, kesho kutwa nenda mpaka njia panda ya mwaloni, ukae hadi woga upungue, urudi. Bibi Nyamhanga alinung'unika, ila ufunguo wa sanduku alitoa mwenyewe.

Kisha asubuhi moja, tukiwa tunatandaza dagaa, Marcelina akaja mwaloni. Bibi Nyamhanga alikuwa nyuma yake, amembeba Pelagia. Kunguru wakala dagaa na hakuna aliyewafukuza.

Marcelina akapiga magoti mchangani. Akaingiza mikono yote miwili kwenye dagaa. Niliona mabega yake yakitetemeka. Nilijua picha imekuja. Akavuta pumzi, akangoja. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika:

"Alfonce alikuwa hapendi dagaa."

Nilishika kifua. Wengine waliangalia ziwa. Nami nikamwangalia Bibi Nyamhanga, maana mwiko ule aliushika kuliko mtu yeyote. Bibi alisimama pale na mtoto, mdomo wake unacheza.

"Hakupenda kabisa," bibi akasema mwishowe. "Nilimwekeaga dagaa kwenye sahani, anampa paka. Mvuvi gani yule Alfonce."

Hapo tukacheka, na wengine tukalia hukohuko kwenye kucheka. Kila mtu akawa na habari yake ya Alfonce. Dagaa wa siku ile hawakugeuzwa vizuri, nakiri, lakini walikauka.

Jioni Bernado alisukuma mtumbwi kwenda kuvua, mara ya kwanza tangu mkewe augue. Mimi nilikuwa nimekaa na Marcelina mlangoni kwake. Pelagia alilia, naye akamchukua kumnyonyesha. Akaona magamba yamebaki kwenye kiganja chake. Akayaangalia. Nikasogea, naogopa.

"Ni magamba ya dagaa tu," alisema. "Niletee maji na sabuni, jirani. Mtoto anangoja."