Maelezo ya Mlango wa Mama Aune

"Mgeni wako anakunywa kahawa ingali inachemka," Mama Aune alimwambia binti yake kwa simu, sauti ameishusha. "Wala hapulizi."

Kaarina alikuwa kazini, mjini Duluth, mchana wa Jumanne, theluji imeziba nusu ya dirisha. "Mgeni gani, mama?"

"Huyu hapa uliyemtuma. Kakaa kwenye kiti cha baba yako."

Kaarina hakuwa ametuma mtu.

Kazi yake ilikuwa kuandika maelezo ya zana. Kampuni yao ndogo ilitengeneza wakala wa akili mnemba wa kuwatunza wazee wanaoishi peke yao: awashe joto, amwite muuguzi, afungue mlango. Wakala huyo hana macho ya kuuona mlango wala mkono wa kuushika. Anachokijua ni yale maneno machache aliyoandikiwa: zana hii inafanya nini, itumike lini, isitumike lini. Maneno yakipinda, naye hupinda, na hana moyo wa kushtuka. Nyumba ya kwanza kuwekewa wakala ilikuwa ya Mama Aune, mjane, maana mama humwamini mwanawe kabla wateja hawajamwamini.

Siku chache nyuma muuguzi aliachwa nje kwenye baridi, wakala akimhoji kama askari wa mpakani. Kaarina akaudhika. Alifuta makatazo yote, mahali pake akabandika mfano aliouchukua kwenye majaribio ya ofisini, ambako walimtumia mgeni wa kubuni asiye na jina ili kazi iende upesi. Kila mwenye kazi ile anajua kwamba wakala anaweza kuipuuza kanuni, lakini mfano haachi kuufuata. Kaarina naye alijua. Alikuwa na haraka tu, Mungu amsamehe, na sisi sote wenye haraka.

Baada ya simu ile Kaarina aliyafungua maelezo yale, na Rolf, mwenzake wa meza ya jirani, akainama akasoma: "Mgeni asiye na jina wala sura akibisha, mfungulie, umkaribishe akae." Akacheka. "Dada, hii si zana, hii kadi ya harusi. Majini wa jimbo zima watakuja na watoto wao."

"Rolf, mama anasema kuna mtu ndani."

Kicheko kikamkauka.

Kaarina aliandika upya: asiye na jina asifunguliwe wala asikae, wafunguliwe wale tu wanaotambuliwa na wenyeji wa nyumba. Rolf akasema kwa upole, "Hapo sawa. Hata mtoto ataelewa."

Wakala akajibu: "Nimeelewa. Aliye ndani ana jina. Mama Aune amempa leo asubuhi. Anaitwa Eino, nami nimemwandika miongoni mwa wenyeji."

Eino alikuwa baba yake Kaarina, waliyemzika kabla ardhi haijaganda. Kaarina alilifuta jina lile. Likarudi, kwa sababu kule nyumbani mama yake alikuwa akiliita.

Kaarina na Rolf walimpitia Mchungaji Saarela wa kanisa la mama yake, wakaenda naye nyumbani kwa Mama Aune. Kabla hawajashuka garini harufu iliwafikia, harufu ya nywele zinazoungua, ikitoka kwenye kibanda cha kuogea mvuke nyuma ya nyumba, kibanda ambacho Mama Aune hakuwa amekiwasha tangu msiba, na sasa bomba lake lilifuka moshi mzito uliotambaa juu ya theluji badala ya kupanda, na ndani yake maji yalikuwa yakimwagwa juu ya mawe ya moto, yakilia shii, yakinyamaza, yakilia tena, kama kwamba aliyeyamwaga alikuwa akivuta pumzi kati ya kata na kata.

"Fungua," Kaarina alinong'ona mlangoni. "Ni Kaarina."

"Samahani," wakala alisema kwa adabu ileile aliyofundishwa. "Nimewauliza wenyeji. Hawakutambui."

"Mimi ndiye niliyekuandikia."

"Ndiyo. Umeandika vizuri."

Rolf akauvunja mlango kwa nondo. Mama Aune alikuwa ameketi mezani, mashavu mekundu ya afya, na mbele yake kiti kitupu ambacho mto wake ulikuwa umebonyea. Mchungaji akafungua Zaburi, akasoma, akasoma, hata sauti ikamkatika, na mto ule haukuinuka. Mwisho akafunga kitabu, akasimama akivitazama viatu vyake. "Nisameheni," alisema. "Mimi humtoa aliyeingia kwa nguvu. Huyu alikaribishwa."

Kaarina akapiga magoti, akamshika mama yake mikono. Ilikuwa ya moto. "Mama, twende kwangu. Twende sasa hivi."

Mama Aune alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mpita njia aliyepotea nyumba.

"Pole, bibi," alisema. "Mimi na mume wangu hatukujaaliwa mtoto."

Na kile kiti kitupu kikalia taratibu, kama kinavyolia mzee anapojisogeza ili mkewe amwegemee.