Aika Maana Yake Asante

"Tabea, ukiniulia mtoto leo, kwenye msiba wake usikanyage!"

Bibi Kaanaeli alisema hayo kwa sauti iliyofika mpaka kwenye meza ya mshereheshaji. Mkwewe hakugeuka. Tabea alikuwa amepiga magoti ukingoni mwa bwawa la hoteli moja pale Njiro, anamvisha mumewe kofia ya kuogelea, maana mkono wa kulia wa Allen ulikuwa bado mzito tangu kiharusi kilipomwangusha mwaka jana.

"Mama, daktari ameruhusu," Tabea alijibu.

"Daktari ndiye aliyemzaa?"

"Mama, niache," Allen akaingilia. "Watu wameahidi kuchanga nikimaliza raundi zote. Nikishindwa, wagonjwa wenzangu wa kiharusi kule Moshono hawapati chumba cha mazoezi."

"Mke wako ndiye kakutia wazimu huu!"

Uongo mtupu. Wazo lilikuwa la Allen mwenyewe. Ila aliyemrudisha majini ni Tabea, Mmeru wa Tengeru aliyekuwa akiogopa hata mfereji wa kumwagilia migomba. Aliingia bwawani mpaka kifuani kumshika mumewe alipokuwa hawezi kusimama. Allen alipoanza kuogelea peke yake, alikwenda upande: mkono wa kushoto unavuta, wa kulia unasindikiza tu. Basi Tabea akawa anatembea ukingoni, anaita, "Kushoto! Kushoto!" naye anaifuata sauti.

Na yote hayo aliyafanya kwa ajili ya neno moja. Kule hospitali, ulimi wa Allen ulipofunguka, ulitoka na neno hilo tu: "Aika."

Arusha nzima, hata muuza vitunguu wa sokoni Tengeru, inajua kwamba Mchaga akisema aika anashukuru. Siku ile Bibi Kaanaeli alimshika Tabea mkono akamwambia, "Lugha ya nyumbani ndiyo inarudi kwanza, mwanangu. Anakushukuru." Tabea alilia kwa furaha. Akimlisha uji, aika. Akimbadilisha shuka, aika. Kwa neno hilo alifunga duka lake la vitenge, akamuuguza mume bila kulalamika.

Filimbi ikalia. Allen akajitosa, na Tabea akaanza safari yake ya ukingoni, mkoba wa mumewe begani.

"Kushoto! Hapo hapo! Kushoto!"

Raundi ya mwisho ilipokuwa imeanza, simu ya Allen ikatetemeka ndani ya mkoba. Tabea akaitoa. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa: ASANTE.

Atakuwa mmoja wa wachangiaji, akawaza. Akapokea.

"Baby, nimeshaingia," sauti ya kike ikasema. "Niko huku kwenye miavuli, nimevaa lile gauni la njano ulilonipa. Mama yako kasema nisisogee mpaka huyo mwanamke aondoke. Ukitoka majini nitumie meseji."

Tabea akasimama.

"Naongea na nani?"

Simu ikakatwa. Ng'ambo ya bwawa, chini ya mwavuli, dada mmoja mwenye gauni la njano alikuwa anaishusha simu sikioni. Tabea akamgeukia mama mkwe, aliyekuwa kwenye kiti hatua chache nyuma yake.

"Mama, yule wa njano anaitwa nani?"

"Mimi nitamjuaje?"

"Anakujua wewe. Nimekuuliza jina lake."

"Tabea, siyo leo."

"Jina, mama!"

Bibi Kaanaeli akatazama chini. "Aika."

Tabea akaiangalia tena simu iliyokuwa mkononi mwake. Asante. Mume wake alikuwa ametafsiri jina la hawara, akalihifadhi kwa Kiswahili.

"Kwa hiyo kule hospitali hakuwa ananishukuru. Alikuwa anamwita yule."

"Ulitaka niseme nini? Ungemwacha pale kitandani! Nani angemgeuza? Mimi na mgongo huu?"

"Ukakaa ukanitafsiria."

"Nilimwokoa mwanangu!"

Aika alikuwa ameshafika, kavimba.

"Dada, tusidanganyane. Allen aliniambia mlishaachana, unamtunza kwa ubinadamu tu."

"Hospitali ulikuja lini?"

"Sikuweza kumwona mdomo umepinda. Mimi nina roho nyepesi."

"Na mimi yangu ya zege?"

Ndipo watu wakaanza kupiga kelele. "Anapotea! Anapotea!" Allen, kwa kukosa sauti, alikuwa ameyumba kulia mpaka kamba ya njia ikamnasa. Akainua kichwa, akameza maji, akakohoa.

"Haya, mwite mtu wako," Tabea akamwambia Aika.

"Nimwiteje?"

"Hujui hata anapindia upande gani?"

Tabea akatamani kuondoka, amwache ayanywe maji yale mpaka yaishe. Lakini mstari wa mbele walikaa wagonjwa wa Moshono kwenye viti vya magurudumu, mikono imejikunja vifuani, macho yote kwa Allen. Hao hawakumkosea kitu. Akafuta machozi kwa kiganja.

"Kushoto, mwongo wewe!" akafoka. "Kushoto, msaliti mkubwa!"

Watu wakacheka wakidhani ni utani wa mapenzi. Allen akaijua sauti, akajinasua, akaifuata. Tabea alimtukana hatua kwa hatua mpaka kiganja cha Allen kikagusa ukuta. Vigelegele vikapasuka.

Mshereheshaji akamsogezea kipaza sauti. "Neno moja tu, shujaa wetu!"

Allen akainua macho. Juu yake walisimama wanawake wawili.

"Aika," akasema.

"Anamshukuru mkewe, jamani!" mshereheshaji akashangilia. Bibi Kaanaeli akafumba macho.

Tabea akatoa taulo mkobani, akalitupa kwenye bega la gauni la njano.

"Mshike kiunoni. Usimvute mkono, utamtegua bega. Na jioni mguu ukikaza, ukande kwa maji ya moto."

"Dada, mimi siwezi..."

"Utajifunza. Hata mimi sikuzaliwa ninajua."

Akaondoka.

Kesho yake, baada ya ibada, Tabea alikuwa kwao Tengeru akimenya ndizi na mama yake mzazi. Meseji ikaingia: "Tabea, jana nilikuwa nakushukuru wewe. Haki ya Mungu."

Akampigia.

"Na kule hospitali, Allen?"

Tabea hakungoja atunge jibu.

"Tangu ulimi unyooke unaongea Kiswahili kizima. Hata mwamuzi wa mpira unamtukana kwa Kiswahili. Kushukuru tu ndiko kumekosa Kiswahili?"

"Nisamehe. Yule hata nyumbani hakufika, aliniacha pale pale bwawani. Asante, mke wangu. Asante kwa yote."

"Hiyo Asante umeihifadhi kwenye simu. Mpigie."

Akakata.

"Nani huyo?" mama yake akauliza.

"Asante ya punda, mama."

Mama yake akacheka mpaka kisu kikamponyoka. Kisha akamtazama binti yake vizuri, akaacha kucheka, akamsogezea ndizi nyingine.